Chuo Kikuu cha Chicago: nani aliiua timu yao ya mpira, na uwanja wa Stagg uliishia wapi?

#1 Kakakuona

Wakuu, habari za jioni.

Kila Desemba watu wanapokumbushana habari za kinu cha kwanza cha nyuklia, husema kilijengwa chini ya majukwaa ya uwanja wa mpira wa Kimarekani uliokuwa umeachwa, kisha wanaendelea na fizikia yao. Mimi nataka leo tubaki uwanjani. Ulikuwa uwanja wa nani, na uliachwaje?

Ulikuwa wa Chuo Kikuu cha Chicago, na hiyo haikuwa timu ya mchangani. Hiki ni kimoja cha vyuo saba vilivyoanzisha ligi ambayo leo inaitwa Big Ten, mwaka 1896. Walitwaa ubingwa wake mara saba: 1899, 1905, 1907, 1908, 1913, 1922 na 1924. Mchezaji wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, Jay Berwanger, mwaka 1935, alivaa jezi yao. Miaka minne baadaye, tarehe 21 Desemba 1939, bodi ya wadhamini ikaifuta timu.

Wengi wanamlaumu rais wa chuo, Robert Maynard Hutchins, kwamba alikuwa msomi asiyependa michezo. Mimi nasema Hutchins aliikuta timu mahututi. Aliyeiua ni mwingine. Karibuni kwa hoja.

#2 Zumaridi

Mkuu, kabla ya kumsaka muuaji, tueleze huo mwaka 1939 ulikuwaje. Nimewahi kusikia 85 kwa sifuri nikadhani ni mpira wa kikapu.

#3 Mpiga Filimbi

@Zumaridi ni mpira wa Kimarekani kabisa, na hayo 85 walifungwa na Michigan. Matokeo ya msimu mzima ni haya: Beloit 6–0, Harvard 61–0, Michigan 85–0, Virginia 47–0, Ohio State 61–0, Illinois 46–0, zote wamefungwa. Walizoshinda ni mbili, dhidi ya Wabash 12–2 na Oberlin 25–0. Ukijumlisha, wamefunga pointi 37 na kufungwa 308. Dhidi ya wenzao wa Big Ten hawakupata hata pointi moja, 192 kwa 0.

Na Beloit ni chuo kidogo sana cha Wisconsin. Mimi hicho kipigo cha 6–0 ndicho kinachoniuma kuliko cha Michigan. Michigan walikuwa na Tom Harmon, mchezaji aliyekuja kutwaa Heisman mwaka uliofuata. Ukifungwa na hao una cha kujitetea. Kwa Beloit huna.

#4 Shemeji_wa_Ohio

Mimi naishi Columbus, mji wa Ohio State, mahasimu wa Michigan, kwa hiyo nikiisema vizuri Michigan nitanyimwa chakula cha jioni. Ila haki isemwe: mwaka 1934 hao hao Chicago waliichapa Michigan 27–0. Katika timu ya Michigan siku ile alikuwemo kijana mmoja anaitwa Gerald Ford, baadaye rais wa Marekani. Alipomkaba Berwanger akapata jeraha chini ya jicho la kushoto, na kovu alikaa nalo maisha yake yote. Alikuwa akilisimulia mwenyewe.

Sasa nipeni jibu. Kutoka 27–0 mpaka 0–85 ni miaka mitano tu. Ni ugonjwa gani huo?

#5 Mwalimu Mstaafu

Vijana, mnaanzia mwisho. Turudi mwanzo kidogo.

Chuo kilifungua milango mwaka 1892 kwa fedha za John D. Rockefeller. Rais wa kwanza, William Rainey Harper, alikuwa mwalimu wa lugha za kale za Biblia. Kabla ya hapo alifundisha Yale, na huko alikuwa na mwanafunzi mmoja mcha Mungu, hodari wa besiboli na mpira, Amos Alonzo Stagg. Harper alipopewa kujenga chuo kipya mahali palipokuwa na mchanga na madimbwi, alitaka kijulikane upesi. Akamwita Stagg. Na hakumpa kazi ya kocha wa kuajiriwa msimu kwa msimu. Alimpa cheo cha uprofesa cha kudumu na idara yake mwenyewe. Kwa enzi hizo hilo lilikuwa jambo jipya kabisa, maana timu nyingi za vyuo ziliendeshwa na wanafunzi wenyewe pamoja na wahitimu.

Timu haikuwa na uwanja. Tajiri wa maduka, Marshall Field, akaachia kipande cha ardhi kaskazini ya chuo, na mechi zikaanza pale mwaka 1893, mwaka wa yale Maonyesho ya Dunia ya Chicago, ambayo gurudumu lake kubwa la Ferris lilisimama jirani tu pale Midway. Fikirieni hali ya mwanafunzi wa wakati ule: huku majengo ya chuo bado yana harufu ya chokaa, kule gurudumu linazunguka na dunia nzima imekuja kutazama. Stagg alielewa kwamba mpira ni njia ya kuufanya mji ule mkubwa ukione chuo kuwa ni chake. Mwisho wa mwaka 1894 akaipakia timu kwenye treni mpaka California, wakacheza na Stanford siku ya Krismasi jijini San Francisco, wakashinda 24–4. Kwa timu yenye umri wa miaka miwili!

Kwa hiyo, Kakakuona, kabla ya kuuliza nani aliiua, uliza ilizaliwa kwa kazi gani. Ilizaliwa kukitangaza chuo. Kazi hiyo ikishakwisha, ndipo maswali huanza.

#6 BintiPangani

Shikamoo Mwalimu. Naongezea tu kwa wasomaji wasije wakachanganya: uwanja huo miaka ya mwanzo haukuitwa Stagg Field. Uliitwa Marshall Field, kwa heshima ya huyo tajiri. Jina la Stagg lilikuja kabla tu ya Vita ya Kwanza ya Dunia, baada ya kuwa na majukwaa ya saruji na ukuta wenye minara kama ngome ya zamani. Kwa hiyo ile mechi kubwa ya 1905 ilichezwa Marshall Field, ingawa vyanzo vingi vinaandika Stagg Field.

#7 Mwalimu Mstaafu

Marahaba, binti yangu. Ni kweli, ardhi ni ileile, jina ndilo lililobadilika.

#8 Kakakuona

@BintiPangani tusimulie hiyo ya 1905, wewe unaonekana umeizama.

#9 BintiPangani

Haya.

Tarehe 30 Novemba 1905, sikukuu ya Shukrani. Michigan ya kocha Fielding Yost ilikuwa haijafungwa katika mechi 56 mfululizo. Tangu 1901 walikuwa wakiwafunga wapinzani pointi hamsini, sitini, mia. Watu kama 27,000 wamejazana, baridi kali. Mechi inakwenda sifuri kwa sifuri mpaka kipindi cha pili. Chicago wana kijana mfupi, Walter Eckersall, anapiga mateke marefu ajabu. Teke lake moja likaenda mpaka nyuma ya mstari wa Michigan. Mlinzi wao, Denny Clark, angeweza kutulia na mpira pale pale. Yeye akaamua kutoka nao mbio. Akakutana na Art Badenoch na Mark Catlin, wakamsukuma nyuma mpaka ndani ya eneo lake. Pointi 2. Mechi ikaisha 2–0.

Harper wakati huo alikuwa kitandani, anaumwa saratani. Alifariki Januari 1906. Timu aliyoiumba imetwaa ubingwa wakati yeye yumo katika wiki zake za mwisho.

Na Denny Clark magazeti hayakumwacha. Alijiua mwaka 1932. Watu wanaposema "ni mchezo tu" mimi humkumbuka yeye.

#10 Mpiga Filimbi

Nimeisoma hiyo #9 mara mbili. Asante, dada.

Ila mwaka huohuo wa 1905 ndio mpira wa vyuo ulitaka kufutwa nchi nzima kwa sababu wachezaji walikuwa wanakufa uwanjani. Rais Theodore Roosevelt aliwaita wakubwa wa vyuo vya mashariki Ikulu mwezi Oktoba. Mwaka 1906 ligi yao ya magharibi ikapitisha masharti makali: mechi tano tu kwa msimu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haruhusiwi, na hakuna kucheza zaidi ya misimu mitatu. Michigan wakachukia wakajitoa, wakarudi 1917. Kwa hiyo wazo la kuubana mpira wa vyuo halikuanza na Hutchins. Lilikuwepo miaka zaidi ya ishirini kabla yake.

#11 Nahodha wa Kilwa

Naunga mkono hoja ya mtoa mada. Hutchins hakuiua. Aliyeiua ni MTAALA.

Hutchins alikuja 1929 akiwa na miaka 30, sawa. Miaka ya mwanzo ya thelathini wakabadili mfumo wa shahada ya kwanza: mitihani mikubwa ya jumla, masomo ya lazima ya sayansi, falsafa na jamii, mwanafunzi hafuatiliwi mahudhurio ila siku ya mtihani hakuna huruma. Vyuo vingine vya Big Ten vilikuwa na shahada ya elimu ya viungo, mchezaji anasoma huko na anacheza. Chicago haikuwa nayo. Sasa kijana wa miaka 18 mwenye kilo mia, mwenye mabega, anayeitwa na Ohio, Minnesota, Illinois na Chicago, atakwenda wapi?

#12 Shemeji_wa_Ohio

Atakuja Columbus, hilo halina mjadala.

#13 Nahodha wa Kilwa

Ndiyo hoja yangu, shemeji.

#14 Mzee wa Ubungo

@Nahodha wa Kilwa mtaala ni sehemu, lakini ninyi mnasahau viwanja. Mada yenyewe ina neno uwanja na hakuna aliyeugusa.

Baada ya Vita ya Kwanza vyuo vya Big Ten viliingia kwenye mashindano ya saruji. Ohio State wakafungua uwanja wao 1922. Illinois 1923. Michigan 1927, wenye viti zaidi ya 84,000. Chicago wao walibaki na Stagg Field palepale katikati ya mtaa, barabara pande zote, nafasi ya kutanuka hakuna. Waliongeza majukwaa mpaka wakaweza kuchukua watu kama 50,000, basi. Wakati huohuo ndani ya jiji lenyewe Soldier Field ikafunguka 1924, karibu na ziwa. Timu za kulipwa, Bears na Cardinals, zinacheza, na chuo cha Notre Dame wanakuja kucheza mjini. Mtu wa Chicago aliyekuwa na timu moja ya kushangilia mwaka 1905, mwaka 1930 anazo nne.

Na miaka ya ishirini mwanzoni wao ndio walikuwa juu! Mechi yao na Princeton, Oktoba 1922, Stagg Field, ilitangazwa redioni kutoka Chicago mpaka pwani ya mashariki, mambo mageni kabisa wakati ule. Wakafungwa 21–18. Mwaka 1924 wakatoka 21–21 na Illinois ya Red Grange. Baada ya hapo hawakupata tena ubingwa. Angalieni mwaka: 1924. Hutchins alikuwa bado hajafika.

#15 Kakakuona

@Mzee wa Ubungo hapo umegonga ninapotaka. Timu ilianza kushuka miaka mitano kabla ya Hutchins kuingia ofisini.

#16 Dada wa Evanston

Samahani, naingia kwa mara ya kwanza ila uzi huu unanihusu.

Hoja ya soko la jiji haisimami peke yake. Mimi naishi Evanston, kaskazini tu ya Chicago. Northwestern wapo hapa, chuo cha binafsi kama kile, wasomi kama wale, jiji ni lilelile. Walijenga uwanja wao 1926 na wako Big Ten mpaka leo. Miaka ya nyuma walifungwa sana, msimu baada ya msimu, na hawakufuta timu. Kama tatizo lilikuwa Bears na Soldier Field, mbona Northwestern hawakufa?

#17 Mzee wa Ubungo

@Dada wa Evanston karibu sana. Northwestern waliwahi kupata ardhi pana na wakajenga upya mapema. Ndicho ninachosema kuhusu uwanja.

#18 Dada wa Evanston

Sawa, lakini hapo umeshatoka kwenye soko umehamia kwenye ardhi. Ni hoja mbili hizo.

#19 Mkimbiaji wa Iten

Mimi ni Mkenya, nilipata ufadhili wa mbio katika chuo kimoja cha Marekani, jina naliacha. Timu yetu ilifutwa nikiwa mwaka wa tatu. Ninawaambia nilivyoona kwa macho yangu: timu haifutwi siku bodi inapopiga kura. Kwanza basi la kwenda mashindano ya mbali linaondolewa. Halafu kocha msaidizi anaondoka na haletwi mwingine. Halafu vijana wapya wanaacha kuja, kwa sababu wamesikia. Mnabaki wachache, mnashindwa vibaya, na siku ya kura mkuu anasoma matokeo yenu kama ushahidi. Niliposoma hizo 192 kwa sifuri nilijua mara moja kilichotokea. Wale vijana wa 1939 walikuwa wameachwa peke yao. Na walicheza mechi zote nane. Hakuna aliyekimbia.

Nawaheshimu kuliko hao wa 1905.

#20 Zumaridi

Mkimbiaji, pole sana. Hii #19 imebadilisha jinsi ninavyousoma uzi mzima.

#21 Mpiga Filimbi

Ninakuelewa, kaka, ila Berwanger naye aliachwa peke yake na bado 1935 timu ilishinda nusu ya mechi zake, nne kwa nne. Alikuwa anakimbia, anarusha, anapiga mateke, anakaba, kila kitu. Mwaka 1936 ligi ya kulipwa ilipoanza utaratibu wa kuchagua wachezaji kutoka vyuoni, yeye ndiye aliyechaguliwa wa kwanza kabisa, na Philadelphia Eagles. Haki zake zikahamia kwa Bears. Akamwomba George Halas, mwenye Bears, dola 25,000 kwa miaka miwili, Halas akasema haiwezekani, wakapeana mikono. Hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. Akaenda kufanya biashara. Tuzo yenyewe kwa muda ilikaa kwa shangazi yake ikizuia mlango usijifunge.

#22 Shemeji_wa_Ohio

Heisman ya kwanza duniani inazuia mlango! Kuna watu huku wangelala nayo kitandani.

#23 Kijana wa Kijichi

Wakuu mnazunguka sana. Jibu ni rahisi: timu ilifutwa kwa sababu serikali ilitaka eneo la kutengenezea bomu la atomiki. Ndiyo maana kinu kikajengwa hapohapo.

#24 BintiPangani

@Kijana wa Kijichi tazama tarehe. Timu ilifutwa Desemba 1939. Marekani iliingia vitani Desemba 1941. Kinu kiliwashwa tarehe 2 Desemba 1942. Tena mahali pa awali palipopangwa palikuwa msitu wa Argonne, nje ya jiji. Ujenzi kule ukachelewa kwa mgogoro wa wafanyakazi, ndipo Enrico Fermi, mwanafizikia aliyeongoza ujenzi wa kinu, akasema kinaweza kujengwa palepale chuoni. Arthur Compton, mkuu wa mradi huo pale chuoni, akakubali bila hata kumwuliza Hutchins kwanza, maana alijua rais wa chuo angelazimika kukataa. Uwanja ulikuwa umebaki wazi, na chini ya jukwaa la magharibi kulikuwa na kiwanja cha skwoshi. Kwa hiyo mpangilio ni kinyume cha ulivyosema: mpira uliondoka kwanza, fizikia ikapata chumba.

#25 Kijana wa Kijichi

Lakini huoni ajabu, chuo kilichoacha kupigana mateke kikaenda kuwasha kitu kama kile katikati ya jiji la mamilioni ya watu?

#26 Mwalimu wa Fizikia Tabora

Hili la usalama niachieni mimi.

Kilikuwa rundo la matofali ya grafaiti na uraniamu, tabaka 57, limeshikiliwa na mbao. Ukuta wa kinga hakuna, mtambo wa kupoza hakuna. Vilivyozuia mmenyuko ni fito zenye kadimiamu, metali inayonyonya nyutroni. Fito moja ya dharura ilining'inizwa kwa kamba, na Norman Hilberry akasimama na shoka tayari kuikata. Juu ya rundo walikaa vijana na ndoo za maji ya kadimiamu. George Weil ndiye aliyekuwa akivuta fito ya mwisho, kidogo kidogo, huku Fermi anapiga hesabu kwa rula yake ya kukokotoa. Mwanamke pekee mle ndani alikuwa Leona Woods, miaka 23. Baridi ilikuwa kali kwa sababu jukwaa halikuwa na joto. Asubuhi fito ya usalama ilianguka yenyewe kwa kuwa kizingiti kiliwekwa chini mno, watu wakashtuka. Fermi akasema twendeni tukale. Wakaenda kula! Alasiri wakarudi, mmenyuko ukajiendesha wenyewe, wakauzima. Eugene Wigner akatoa chupa ya Chianti, wakanywa kwenye vikombe vya karatasi.

Nikifundisha somo hili huwaambia wanafunzi kwamba nguvu iliyotoka siku ile ilikuwa nusu wati. Haiwashi hata balbu ya tochi vizuri. Hofu haikuwa kwenye ukubwa wake, ilikuwa kwenye kutokuzimika.

#27 Mtoto wa Likasi

Jambo kwenu wote kutoka Katanga. Ninawaomba na sisi mtutaje. Uraniamu ile ilitoka kwetu, Shinkolobwe, karibu na Likasi. Babu zetu ndio waliichimba kwa mikono, bila kuambiwa ni kitu gani. Kila mara ninasoma habari za Fermi, za Chicago, za uwanja, na jina la Shinkolobwe halimo.

#28 Mwalimu wa Fizikia Tabora

Jambo ndugu yangu, umesema jambo zito. Nifafanue kidogo kwa ajili ya tarehe. Edgar Sengier wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya migodi, alipeleka tani kama 1,200 za madini ya Shinkolobwe New York mwaka 1940, zikakaa ghalani Staten Island. Jeshi la Marekani lilizinunua Septemba 1942, miezi isiyofika mitatu kabla ya kinu kuwashwa. Kwa sababu hiyo kwa rundo lile la kwanza, madini ya Kanada yana sehemu kubwa. Ila kwa mradi mzima wa bomu, Shinkolobwe ndiyo chanzo kikuu, hilo halina ubishi.

#29 Mtoto wa Likasi

Ninakubali tarehe, mwalimu. Lakini kiwanda cha kusafisha madini ya Kanada na mipango ya mradi visingekwenda mbali bila sisi. Na radiamu ya Kongo ilikuwa sokoni tangu miaka ya ishirini. Mimi bado ninataka kibao kimoja pale Chicago chenye neno Shinkolobwe.

#30 Dada wa Evanston

Mtoto wa Likasi, niko pamoja nawe. Nimefika pale. Uwanja wa zamani ulibomolewa 1957. Mahali pa kinu pana sanamu ya shaba ya Henry Moore, pembeni ya barabara ya Ellis, ilizinduliwa 2 Desemba 1967, miaka 25 kamili. Ukiitazama huku ni fuvu, huku ni wingu la bomu. Sehemu kubwa ya uwanja wenyewe sasa ni maktaba, Regenstein, iliyofunguliwa 1970, na pembeni yake maktaba nyingine ya kuba la kioo ya mwaka 2011. Pale Eckersall alipopiga teke lake, wanafunzi wanasoma kimya. Mimi ni mpenzi wa vitabu, lakini siku ile nilitamani hata mstari mmoja wa chokaa uachwe chini.

#31 Nahodha wa Kilwa

Yaani hawana uwanja kabisa leo?

#32 BintiPangani

Wanao. Stagg Field mpya iko vitalu vichache magharibi, kwenye kona ya mtaa wa 56 na Cottage Grove. Ni ndogo, viti havifiki hata elfu mbili. Lango la uwanja wa zamani lilihamishiwa huko.

Na mpira wenyewe ulirudi! Mwaka 1963 wanafunzi walianza upya kama klabu. Novemba mwaka huohuo wanafunzi wengine wakaenda kukaa chini katikati ya kiwanja kuzuia mechi na North Central, wakiogopa enzi za zamani zisirudi. Polisi wakaja. Mwaka 1969 timu ikawa rasmi tena. Sasa wako daraja la tatu, ambalo haliruhusu ufadhili wa michezo. Na Washington ya St. Louis wanagombea kombe lao, Founders Cup.

#33 Mkimbiaji wa Iten

Hilo la wanafunzi kukaa chini limenishangaza. Chuo Kikuu cha Nairobi kina timu ya raga, Mean Machine, na tulipokuwa wadogo tulifikiri kila chuo duniani kinalilia kuwa na timu. Kumbe kuna wanaolilia isiwepo.

#34 Mwalimu Mstaafu

Nirudi kwa Stagg, maana mmemwacha. Mimi nasema, kwa heshima zote, yeye mwenyewe alikaa sana. Misimu 41. Karibu kila kitu cha mchezo ule, kuanzia namna ya kukaba hadi mazoezi ya gunia, kina alama ya mkono wake. Lakini miaka ya mwisho hakuwa akipata wachezaji na hakupenda kwenda kuwashawishi majumbani. Mwaka 1932 alipofika miaka 70 chuo kikamstaafisha kwa lazima. Hakukubali kupumzika, akaenda College of the Pacific, Stockton, California. Na mwaka 1938 akarudi Chicago na timu yake mpya, kwenye uwanja wenye jina lake, akawafunga 32–0. Aliishi mpaka 1965, miaka 102.

Fikirieni mzee wa miaka 76 anaifunga nyumba aliyoijenga mwenyewe. Sijui kama alifurahi.

#35 Kakakuona

Mwalimu, umekubali basi kwamba si Hutchins?

#36 Mwalimu Mstaafu

Sijakubali. Hutchins aliandika mwenyewe katika jarida la Saturday Evening Post, Desemba 1938, akishauri kiingilio kishushwe kiwe senti 10 ili mchezo usitegemee mapato ya mlangoni. Mwaka mmoja baadaye timu imefutwa. Aliyetaka kuokoa timu angesema maneno tofauti. Angeleta shahada ya elimu ya viungo, angelegeza masharti. Hakufanya, kwa sababu aliamini hivyo, na ninamheshimu kwa kuamini. Lakini uamuzi ni wake na wa bodi. Timu inaweza kuwa mgonjwa miaka kumi na tano, bado anayezima taa ana jina.

#37 Mzee wa Ubungo

Hoja yangu ya viwanja haijajibiwa.

#38 Nahodha wa Kilwa

Yangu ya mtaala pia.

#39 Mpiga Filimbi

Naleta ushahidi mmoja, kila mtu auchukue anavyotaka. Aliyemrithi Stagg ni Clark Shaughnessy. Ndiye aliyekuwa kocha siku ya 85–0. Timu ilipofutwa akaajiriwa na Stanford, chuo kilichokuwa kimeshinda mechi moja tu mwaka 1939. Mwaka 1940 akaenda na mpangilio wake wa kupanga wachezaji uitwao T, akashinda mechi zote kumi, ikiwemo Rose Bowl dhidi ya Nebraska, 21–13. Yaani kocha aliyefungwa 308 kwa 37 alikuwa bingwa miezi kumi na miwili baadaye.

#40 Nahodha wa Kilwa

Hapo sasa! Kocha si tatizo. Ni wachezaji, na wachezaji hawaji kwa sababu ya masomo.

#41 Dada wa Evanston

Lakini Stanford nao ni wasomi, Nahodha. Umejipinga.

#42 Nahodha wa Kilwa

Stanford hawakuwa na mitihani ya Hutchins.

#43 Mkimbiaji wa Iten

Stanford hawakuwa na rais aliyeandika gazetini kwamba haitaki hiyo timu. Kijana wa miaka 18 anasoma magazeti.

#44 Mzee wa Ubungo

Na Stanford walikuwa na uwanja mkubwa tangu 1921. Kesho nikitoka kazini naleta hesabu za viwanja vyote vya Big Ten, mwaka kwa mwaka. Msifunge uzi.